Kibao cha Sufuria na Atomi Zilizotikisika Chini ya Sifuri

Vijana wa maabara mliniomba niandike, nami naona mmeomba vizuri. Kichwa hiki kina mambo ambayo hamtayakuta kwenye vitabu vya rafu ile ya juu, na nina uhakika, kwa sababu vitabu hivyo nimevifuta vumbi mwenyewe miaka yote na vingine nimevifungua. Nilipanda cheo lini na kwa barua ipi, hayo yamo kwenye faili langu, na faili liko masjala. Hapa naandika kazi. Tena msiniite mzee kwa sauti ya huruma. Nimestaafu nikiwa na meno yangu yote, na meno, kama mtakavyoona, ndiyo yaliyoniingiza kazini.

Mimi ni Chengula, mtu wa Idodi. Shule nilifika darasa la nne, mwalimu akahamishwa, na mimi nikajihamisha. Nilikwenda Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu nikitafuta kazi ya kubeba mawe. Huko nikakuta kibanda ambamo Mzee Sinkala, Mnyiha mfupi mwenye kofia ya sufu, alikuwa akisaga mawe ya sampuli kabla hayajapimwa. Alitaka mtu wa kusaga. Nikamwambia mimi najua kusaga. Sikujua.

Siku ya kwanza alinipa kinu cha chuma, mchi, na jiwe la ukubwa wa yai. Nikatwanga na kusaga mpaka adhuhuri. Akachukua unga kidogo kwa kidole, akauweka katikati ya meno ya mbele, akafunga mdomo kama mtu anayesikiliza redio.

"Mchanga," akasema.

"Mzee, mbona ni laini kabisa?"

"Laini kwa nani? Kwa vidole vyako vya kuchunga ng'ombe? Onja."

Nikaonja. Meno yakakwaruza.

"Rudia."

Nilirudia siku tatu. Siku ya nne alionja, akakaa kimya, akakisukuma kinu upande wangu, na kuanzia hapo hakuonja tena unga wangu. Hakuna cheti nilichopewa maishani kinachokizidi kimya kile. Ila nyinyi msionje. Mawe mengine yana sumu, na Mzee Sinkala alikuwa na bahati tu. Nilipoondoka alinipa kipande cha kwatsi, lile jiwe jeupe la mwamba wa dhahabu, safi kama chumvi. Nililitumia kushikilia dirisha la chumba changu cha kazi lisigongwe na upepo. Likumbukeni jiwe hilo.

Mwanzoni mwa miaka hii ya sabini nilihamia maabara ya Mbeya, na huko nikakutana na mashine ya eksirei. Ilikaa chumba cha peke yake, mlango mzito, taa nyekundu juu yake, na sheria moja: mashine ikiwaka, mtu mmoja tu ndani. Wasomi wawili walikuwa wamefundishwa kuiendesha. Mmoja alihama, wa pili aliiogopa. Mimi nilisimama nyuma yake miezi minne nikishika kopo la unga, na alipougua nikaiwasha. Ilipochora vizuri kuliko siku zake, ikawa yangu.

Kwa wanaoanza, naeleza kama nilivyojieleza mwenyewe. Unga unajazwa kwenye kishimo cha kibao kidogo na kusawazishwa kwa ukingo wa kioo. Mwali wa eksirei unaupiga kwa mshazari. Mashine inaanza na pembe ndogo, mwali ukiwa karibu kulala juu ya unga, halafu inainuka polepole. Mpangilio wa atomi ndani ya jiwe huurudisha mwali kwa pembe zake maalumu, na kalamu inachora vilima kwenye karatasi ndefu inayojiviringisha. Sasa, atomi hazitulii. Zinatikisika kwa joto lake, hata ndani ya jiwe la Mbeya mwezi wa Julai. Zikitikisika sana, vilima vya pembe kubwa vinakuwa vifupi. Zikitikisika kidogo, vinabaki virefu. Kwa hiyo ukilinganisha vilima vya mwanzo na vya mwisho, unaweza kukokotoa atomi zinatikisika kiasi gani. Namba hiyo tuliiita mtikisiko. Inaweza kuwa ndogo, lakini chini ya sifuri haiwezi kwenda. Aliyetulia kabisa ametulia, hawezi kutulia zaidi ya hapo.

Vibao vilivyokuja na mashine vilikuwa vitatu. Kimoja kilipotea, kimoja kilipinda, na cha tatu sikukipenda, maana kishimo chake kilikuwa na urefu wa kidole gumba na kilimeza unga mwingi. Kuagiza vingine ng'ambo ilikuwa safari ndefu ya fomu. Ulikuwa wakati wa kujitegemea, na mimi ni mtu wa kutenda, si mtu wa kungoja meli. Nikachukua kitako cha sufuria nzito ya mke wangu, ambaye alikuwa kwao Ifunda kwa msiba, nikakata mabamba mawili, moja lenye tundu na moja zima, nikayabana kwa ribiti na kuyapiga tupa wiki nzima mpaka yakawa tambarare kama maji. Kishimo chake kilikuwa na urefu wa ukucha wa kidole kidogo. Unga wa ncha ya kijiko ulitosha. Nyuma nikachora kwa msumari: CHENGULA.

Kibao hicho kilisifiwa kwenye mkutano wa wafanyakazi. Kilipelekwa kwenye maonyesho ya Saba Saba, kikawekwa juu ya kitambaa cha kijani kati ya jembe la kukokotwa na mzinga wa nyuki. Watu walikiinamia. Mke wangu naye alikiinamia, akaniuliza mbona kina rangi ya sufuria yake. Hilo tulilimaliza nyumbani.

Baadaye akaja Dokta Mwambene, Mnyakyusa aliyesoma Ulaya, mtu mpole asiyependa mzaha kabla ya chai. Alitaka kujua habari za pairoklori, jiwe jeusi la kilima kimoja upande wa Songwe: atomi zake zimekaa wapi, zipi zimelegea, zipi zimeondoka, ili ijulikane kama metali yake itatoka kwa urahisi. Punje za jiwe hilo zilikuwa zimechanganyika na takataka nyingi, na mtu pekee aliyeweza kuzitenga alikuwa Yusta Kalinga, katika chumba cha sampuli cha ofisi yetu ndogo ya Iringa. Yusta alikaa Kihesa. Aliinama kwenye hadubini na sindano, akiokota punje nyeusi moja moja, asubuhi hadi jioni. Wiki tatu zake zilijaza kijiko kimoja cha chai. Alikuwa ameingia ofisini kama mfagizi, kama mimi nilivyoingia Makongolosi kama mbeba mawe, na hadubini ile ndiyo ilikuwa cheo chake na jina lake.

Nikasaga unga wake, nikaupima kwa kibao changu. Kompyuta hatukuwa nayo. Vilima nilivikata kwa mkasi kimoja kimoja kutoka kwenye karatasi na kuvipima kwenye mizani ya kemia. Kilima kizito, mwali mwingi. Dokta aliziandika namba, zikatumwa kwa posta kwenye chuo alichosoma, kompyuta ya huko ikakokotoa, na majibu yakarudi baada ya wiki tano.

"Ndugu Chengula," Dokta akasema, akiishika karatasi kwa mbali kama inanuka. "Atomi zako zinatikisika chini ya sifuri."

"Zangu, Dokta? Mimi nimesaga tu."

"Basi za nani?"

Nikaanza kutafuta. Hapa someni vizuri, maana haya yatawapata. Kwanza niliitazama karatasi. Vilima vya pembe ndogo nilivikata mchana wa jua, na vya pembe kubwa nilivikata asubuhi ya ukungu. Karatasi inakunywa unyevu kama sifongo. Vilima vya mwisho vilikuwa vizito kwa maji, si kwa mwali. Nikavikausha vyote pamoja kwenye chombo cha kukaushia, nikavipima upya. Posta, wiki tano, majibu: chini ya sifuri bado, ila si chini sana. Pili nikautazama mstari wa chini, ule unaouchora kwa rula kabla ya kukata. Kwenye pembe kubwa vilima vinasongamana, nami niliuchora mstari chini mno, nikakata na udongo ambao si wa kilima. Nikauchora upya. Wiki tano nyingine. Chini ya sifuri bado, kidogo tu. Unga niliusaga tena mpaka meno yangu, ambayo sikuyatumia, yangeridhika. Hakuna kilichobadilika.

Dokta akaweka kalamu chini. "Karatasi tumeisafisha. Mstari tumeusafisha. Kusaga, hakuna anayekuzidi. Kilichobaki ni sampuli. Yule dada wa Iringa ametuchanganyia jiwe lingine humo. Unaonaje?"

Nami nikaitikia kwa kichwa. Sikusema neno. Niliitikia tu, maana alikuwa amenisifu, na mtu aliyesifiwa shingo yake inakuwa laini.

Dokta akampigia Yusta simu kumwambia sampuli yake ni chafu. Keshokutwa yake Yusta alishuka kwenye basi la Iringa, kikapu mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaja moja kwa moja chumbani kwangu.

"Kamwene, dada."

"Kamwene, kaka. Nionyeshe huo uchafu."

"Kunywa chai kwanza."

"Chai nimekunywa Makambako. Nionyeshe."

"Dada Yusta, uchafu wa namna hii hauonekani kwa macho. Unaonekana kwenye hesabu."

"Shingo yangu imekuwa kama ya kuku aliyechinjwa, kwa kuokota punje hizo. Kila moja nimeigeuza. Sasa hesabu imeona kitu ambacho mimi sikukiona, wewe hukukiona, na kalamu ya mashine nayo haikukiona? Kungekuwa na jiwe lingine si lingechora vilima vyake?"

Vilima vya ziada havikuwepo. Hilo nilikuwa nalijua, ila hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Mimi nasaga tangu Makongolosi," nikaanza.

"Najua. Mpaka makondakta wa mabasi wanajua." Akatazama chumba, akalishika lile jiwe la dirishani, dirisha likajifunga lenyewe kwa kishindo. "Hili ni nini?"

"Kwatsi. Nilipewa na Mzee Sinkala."

"Safi?"

"Safi kuliko chochote hapa ndani."

"Halikupita Iringa?"

"Halikupita."

"Basi saga kipande, ulipime kama ulivyopima langu. Vilima vya kwatsi viko kwenye vitabu vyenu hivyo vya juu. Vikitoka sawa, mimi ni mchafu na narudi kwa basi la mchana. Vikitoka kombo, tutaongea."

Akakaa kwenye benchi la nje kungoja. Nikavunja pembe ya jiwe la Mzee Sinkala. Iliniuma, lakini nilikuwa na hakika. Nikasaga, nikajaza, nikasawazisha, nikawasha mashine, nikakata, nikakausha, nikapima. Halafu nikateremsha kitabu cha rafu ya juu.

Vilima vya pembe kubwa vilikuwa sawa na kitabu. Kilima cha kwanza kabisa, cha pembe ndogo, kilikuwa karibu nusu ya kile kilichoandikwa. Kilichofuata nacho kilipungua, ila si kama cha kwanza. Niliifuta mizani nikapima tena. Ikarudia neno lile lile.

Unaona ilivyo. Vilima vya mwanzo vikipungua, vya mwisho vinaonekana virefu mno, na hesabu inasema: hizi atomi hazitikisiki kabisa, zimepita hata kutulia. Lakini nani anavipunguza vya mwanzo? Nikafunga mapazia. Nikachukua lile bamba linalong'aa kijani likipigwa na eksirei, nikaliweka mahali pa unga, nikachora juu yake kwa penseli urefu wa kishimo changu. Nikasimama nyuma ya kioo cha risasi, kile kinachozuia eksirei, nikawasha. Kwenye pembe kubwa mwanga wa kijani ulikuwa mfupi, umekaa ndani ya alama zangu. Nikaishusha mashine kwenye pembe ndogo. Mwanga ukarefuka, kama wa tochi unapoilaza karibu na sakafu. Ukafika kwenye alama. Ukazipita, huku na huku. Kwenye pembe ya kilima cha kwanza, karibu nusu ya mwali ilikuwa inaanguka nje ya kishimo, juu ya sufuria ya mke wangu, bure.

Kilikuwa kibao changu. Cha Saba Saba.

Nilizima mashine nikakaa kwenye kigoda. Yusta alikuwa nje, mlango mzito katikati yetu. Nitawaambia nilichowaza, maana kuandika nusu si kuandika. Niliwaza kukichukua kibao cha zamani chenye kishimo kirefu, kupima upya kimya kimya, na kusema mashine imetulia. Hesabu ingenyooka. Yusta angepona. Na jina langu lingebaki juu ya kitambaa cha kijani.

Kibao cha zamani kilikuwa kwa karani, kikikandamiza barua za kutoka. Nikaenda, nikakiinua. Barua ya juu kabisa ilikuwa ya Dokta, kwenda kwa mkuu wetu: Yusta Kalinga aondolewe kwenye hadubini, ahamishiwe masjala, kwa sababu ya sampuli kuchanganywa, "kama ilivyothibitishwa na Ndugu Chengula."

Kichwa changu kiliitikia mara moja tu, na tazama kilivyoandika.

"Hiyo inaondoka na posta ya saa tisa," karani akasema.

"Haiondoki," nikasema, nikaichukua.

Nilimkuta Dokta ofisini, nikamwita na Yusta aingie. Nikaweka mezani barua, kibao changu, na karatasi za kwatsi.

"Dokta, sampuli ya Iringa ni safi. Kibao ndicho kinachokula mwali."

"Kibao kipi?"

"Changu."

"Cha Saba Saba?"

"Hicho hicho."

Nikaeleza habari za bamba la kijani. Dokta alitafuta karatasi tupu, hakuiona, akaigeuza barua ile na kuanza kukokotoa nyuma yake kwa penseli: mwali una upana gani, unalala urefu gani kwa kila pembe. Aliandika muda mrefu. Mwishoni akapiga mstari. "Chini ya digrii arobaini kishimo hiki hakitoshi. Kuanzia hapo kwenda juu, hakina kosa." Akamsogezea Yusta karatasi aone.

Yusta akaitazama hesabu, halafu akaigeuza. Akasoma upande wa mbele taratibu, mpaka mwisho.

"Ulithibitisha?" akaniuliza.

"Niliitikia kwa kichwa."

"Kichwa hicho hicho kinachojua kila kitu."

Dokta akaichukua barua, akapiga mistari mizito juu ya jina la Yusta na yote yaliyofuata, akabakiza ile hesabu ya nyuma tu. "Dada Yusta," akasema, "ningetakiwa kukuuliza kabla sijaandika."

"Ungetakiwa," Yusta akasema. Akachukua kikombe cha chai kilichokuwa mbele ya Dokta, akakinywa chote.

Kibao cha zamani kilitaka unga mwingi, na unga wa kijiko kimoja haukutosha. Ilibidi kuokota upya. Niliomba ruhusa, nikaenda Iringa, nikakaa kwenye hadubini ya pili, kando ya Yusta, wiki mbili. Mimi, niliyekuwa nasema kuokota ni kazi ya kukaa. Siku ya kwanza nilipata fungu lisilofunika herufi moja ya gazeti. Yusta akalisogeza chini ya lenzi yake, akalitenganisha kwa sindano.

"Hii ni mika, jiwe lingine kabisa."

"Nyeusi hiyo, dada."

"Nyeusi kwa nani? Rudia."

Nilicheka peke yangu, akadhani macho yangu yamechoka. Nikarudia. Wiki ya pili aliacha kukagua mafungu yangu, akayamimina moja kwa moja kwenye chupa yake. Mnajua kimya cha namna hiyo mimi nakihesabu kama nini.

Majibu ya mwisho yalipokuja kwa posta, Dokta alikuja chumbani kwangu kabla ya chai, akasimama mlangoni. "Ndugu Chengula, atomi zinatikisika." Mitikisiko yote ilikuwa juu ya sifuri, na atomi zile zilizolegea, ambazo alizitafuta muda wote huo, zilijionyesha kwa kutikisika kuliko nyingine. Kazi yake iliandikwa, na jina la Yusta limo, kwenye mstari wa shukrani. Langu limo pia, chini ya la Yusta. Nilipima mwenyewe kwa rula, ni mstari mmoja tu chini.

Leo chumba cha sampuli cha Mbeya ni cha Yusta, wote mnamwogopa, na mna haki. Siku ya kuniaga alifungua droo ya vibao mbele yenu. Nilidhani ananirudishia changu nikaweke kabatini. Hakunipa. Alikigeuza nisome nyuma yake, chini ya CHENGULA yangu ya msumari, maneno aliyoyachora kwa sindano yake ya kuokotea, herufi ndogo zilizonyooka: kuanzia digrii 40.

"Hiki kinabaki kazini," akasema, akakirudisha kwenye droo.

Basi kitumieni. Kuanzia digrii arobaini kwenda juu, Mbeya na Iringa yote, hamtapata kibao kinachokizidi.